Tawi Lililokatwa

Kila mwaka, mwezi wa Machi unapoelekea ukingoni na baridi ya Uingereza ikaanza kupungua makali, mimi hutoka uani kwangu na mkasi wa kupogolea, glavu za ngozi na bonge la kamba laini, nikaingia katika kazi ambayo kwetu Unguja sikupata kuiona ikitengewa msimu wake, kwa sababu kwetu mti hauna miezi ya kulala. Huku mwaridi hulala. Baada ya Novemba hupukutisha majani, ukabaki vijiti vitupu vyenye miba, na mtu asiyeyajua maumbile yake angeudhania umekufa; kisha mchana urefukapo, macho yaliyojibanza kwenye vijiti hivyo, ambayo ndiyo machimbuko ya chipukizi zote, huvimba na kuiva wekundu, na hiyo ndiyo ishara ya kwamba wakati wa kuupogoa umewadia.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Hutangulia kuondolewa matawi yaliyokufa na yaliyougua, hufuata yale yanayopishana na kusuguana hata yakajeruhiana, na yaliyosalia hupunguzwa kwa mkato mmoja safi, kiasi cha nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, mkato ukiinamia upande wa pili wa jicho ili maji ya mvua yateremke mbali nalo, na katikati ya mti pakaachwa wazi mfano wa bakuli, upepo upite na ukungu usipate maskani. Mwaridi uliokuwa ukinifika kifuani huishia magotini. Anayeutazama siku ile huingiwa na huruma, na huyohuyo akiutazama mwezi wa Juni hushikwa na mastaajabu.

Katika mastaajabu hayo yamezaliwa mawaidha mengi, na yote yana shabaha moja: kwamba Mwenyezi Mungu naye humpogoa mja wake kwa misiba, akampunguzia mali na afya na wapenzi, ili apate kuchanua. Nimeyasikia misikitini, nimeyasikia kwa majirani zangu Wakristo, na kwa miaka mingi niliyapokea kama mtu apokeavyo sarafu sokoni, bila kuigeuza nikatazama upande wa pili.

Ikatukia kwamba mwanamke mmoja wa kwetu, aishiye mtaa wa pili na wangu, alifiwa na mwanawe wa kiume aliyekuwa na miaka 19. Hitima ilipokwisha na watu wakaanza kutawanyika, nilibaki nikakaa naye, na kwa kutaka kumliwaza nikamweleza habari za miwaridi yangu: jinsi ninavyoikata hata ikasikitisha kuitazama, na jinsi ilivyo baada ya miezi mitatu. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho wa maneno yangu, kisha akaniuliza, "Na lile tawi lililokatwa, kaka, wewe hulipeleka wapi?"

Sikuwa na jawabu la kumpa, kwa kuwa jawabu la kweli ni kwamba mimi hulichoma moto. Ugonjwa wa madoa meusi hujificha katika majani na matawi yaliyoanguka, na mtunza bustani mwenye hadhari hayaachi yakazagaa. Nilinyamaza, nikamaliza kahawa yangu, nikaaga.

Swali lile halijaniacha tangu siku ile. Kwa mfano wangu nilikuwa nimemfanya mama kuwa mti na mwanawe kuwa tawi, kana kwamba kijana yule aliumbwa, akalelewa miaka 19, akawa na sauti yake na hasira zake na urafiki wake, kisha akaondolewa kwa ajili ya kuipendezesha nafsi ya mtu mwingine. Mbele ya Muumba hapana mwanadamu aliye tawi la mwenziwe. Kila mmoja ni mti kamili, mwenye hesabu yake na thamani yake. Mfano unaomsahau aliyekufa ili umtukuze aliyebaki umekosa insafu, hata ukinenwa kwa nia njema na machozi machoni. Lakini kuona kosa si kupata jawabu, nami nikaazimia kuuchunguza mkasi wenyewe, nijue hasa hufanya nini na haufanyi nini, kwa maana yamkini tumeusifu kwa kazi isiyokuwa yake.

Somo la kwanza nililipata kwa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimepanda kando ya ukuta mwaridi wa Dameski, ule ambao ua lake Waajemi huliita ua la Muhammadi, na ambao jamaa yake hustawishwa kwenye matuta ya Jabal Akhdar huko Omani, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ambako watu wa vijiji kama Al Aqr na Al Ayn huchuma maua alfajiri kuanzia mwisho wa Machi hata Mei, wakayatia katika vyungu vya udongo juu ya moto, na juu yake wakaweka chombo cha maji baridi ili mvuke ugeuke matone, matone yakawa maji ya mawaridi yenye harufu ya ua na ya moshi pamoja. Mtu wa pwani aliyekaa katika maulidi ya Mfunguo Sita hahitaji kuelezwa harufu ya maji ya mawaridi, kwa kuwa amenyunyiziwa kwa mrashi kichwani na viganjani tangu utoto. Na mwezi huo kwa Kiarabu huitwa Rabi al-Awwal, yaani machipuko ya kwanza, ijapokuwa mwaka wa mwezi mwandamo umekwisha kuuzungusha katika majira yote mara nyingi. Kwa ajili ya kumbukumbu hizo niliupenda mti ule kuliko wenzake, na kwa kuupenda niliupogoa Machi kwa bidii kuliko wenzake.

Juni ilipofika, miwaridi mingine ilichanua ikajaa. Wa Dameski ulitoa majani mazuri ya kijani, na ua hata moja haukutoa. Ndipo nilipojifunza kwamba miwaridi mingi ya siku hizi huchanua kwenye chipukizi za mwaka uleule, na kwa hiyo kuikata mwanzo wa mwaka ni kuiamsha. Bali miwaridi mingi ya kale, ambayo huchanua mara moja tu kwa mwaka, hubeba maua yake juu ya matawi yaliyokua mwaka uliotangulia, nayo wakati wake wa kupunguzwa ni baada ya kuchanua, mwezi wa Julai. Wa Dameski ulikuwa mmoja wa hiyo, na nilipoukata mwezi wa Machi nilikuwa nimeikata Juni yake. Siku ileile, kwa mkono uleule na chuma kilekile, miti mingine niliifanyia wema na huu niliufanyia dhuluma, na mapenzi yangu hayakuupunguzia hasara hata chembe.

Nikakumbuka chuo cha Kurani nilichosomea utotoni. Mwalimu alikuwa na bakora moja na watoto wa tabia arubaini. Wapo walioionja wakahifadhi juzuu. Yupo mwenzangu aliyeionja akakimbilia shamba, na mpaka alipokuwa mtu mzima, kila aliposikia kisomo, uso wake ulikunjamana. Mwalimu hakuwa katili. Aliamini kwamba maumivu yana kazi yake ndani ya mtoto na huifanya yenyewe, wala hakuona haja ya kuuliza ni mtoto yupi. Wazazi wangapi wa kwetu, na mabwana wangapi ndani ya nyumba zao, wamewaumiza walio chini yao kwa imani hiyohiyo, wakiita malezi kile ambacho hawakukijua mwanzo wake wala mwisho wake?

Somo la pili limo katika elimu ya mimea. Mwaka 1933, Kenneth Thimann na Folke Skoog, wakifanya utafiti California, walikata ncha za miche ya jamii ya maharage, na macho yaliyokuwa yamelala chini ya ncha yakaamka. Kisha mahali pa ncha iliyokatwa wakatia kichocheo cha ukuaji kiitwacho oksini, na macho yakazuilika tena, kana kwamba ncha ingali pale. Maana yake ni kwamba ncha ya tawi hupeleka chini amri ya kuwakataza ndugu zake wasichipue, ili yenyewe peke yake ipate kwenda juu. Basi mkasi hauumbi kitu. Jicho lilikuwapo kabla ya mkato, limeumbwa na kukamilika na kungoja, na kila ua tunalolisifu mwezi wa Juni lilikuwa amana ndani ya mti; mkato umeondoa katazo tu. Hata ustadi wetu wa kukadiria mwinamo wa mkato tumeutukuza kupita kiasi, kwa kuwa Royal National Rose Society, jumuiya iliyoasisiwa 1876 na kuvunjwa 2017, ilijaribu katika bustani zake za St Albans kupogoa kwa mashine ya kukatia uzio wa miti, bila kuchagua jicho lolote, na miwaridi ile ikachanua vema sawa na ile iliyokatwa kwa adabu zote nilizozitaja. Habari hiyo iliniuma nilipoisoma mara ya kwanza. Sasa naiona ni rehema, kwa kuwa inaurudishia mti sifa yake.

Na kama kazi ni kuliondoa katazo, iko njia nyingine isiyomwaga utomvu. Nina mwaridi utambaao, umeegemea uzio wa mbao nyuma ya nyumba. Tawi lake likiachwa lisimame wima, huchanua kileleni tu, mbali na macho ya watu. Lakini likiinamishwa taratibu na kulazwa hata likakaribia kuwa sambamba na ardhi, amri ya ncha hudhoofika, na katika urefu wake wote, jicho baada ya jicho hutoa chipukizi fupi lenye maua. Hapana kilichokatwa wala kilichochomwa. Hutakiwa subira tu: tawi liwe bado changa, kwa kuwa lililokomaa huvunjika, liinamishwe leo kidogo na kesho kidogo, lifungwe kwa kitanzi chenye umbo la nane ili lisisuguane na waya, na kitanzi kilegee, kwa kuwa tawi litanenepa. Mkono unaofanya kazi hii hulisikia tawi likikataa, nao hungoja. Wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi walisema kunja, hawakusema kata. Na mimi kila nifungapo tawi la mwisho nikasimama kulitazama, hukumbuka mgongo wa mtu aliye katika rukuu.

Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, katika tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili, alilipa neno Rabb maneno mawili, Mola Mlezi, na kwa sikio langu hiyo ni katika huduma kubwa alizozifanya kwa lugha yetu, kwa sababu mlezi kwa Mswahili ni yule anayebeba, anayelisha, anayekesha. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika waraka wake kwa mwanafunzi, aliifananisha kazi ya malezi na ya mkulima ang'oaye miiba na magugu kutoka katikati ya mazao ili mazao yastawi. Chuma cha mkulima yule kiliwaelekea wageni waliolivamia shamba, wala hakikuugusa mmea wenyewe. Nao waliofasiri Injili ya Yohana kwa Kiswahili, walipofika sura ya 15, penye habari za mzabibu na mkulima wake, waliandika kwamba tawi lizaalo husafishwa. Neno hilo nalipenda. Kusafisha ni kazi ya mwenye kukijua kitu kilivyokuwa kabla hakijachafuka.

Sisemi kwamba misiba haina hikima. Naamini kadari, na naamini kwamba Aliyeumba jicho la mwaridi anajua atakalo kwa kila kiumbe. Nasema kwamba hikima hiyo haikutiwa mkononi mwangu, na kwamba aliyepatwa na msiba anaweza siku moja kusema juu ya msiba wake mwenyewe, "Nilikatwa nikachipua," na neno lake likawa shahada ya kweli. Lakini neno lilelile likitoka kinywani mwangu juu ya msiba wake ni ujasiri usio na ruhusa. Nabii Ayubu alipopatwa na mitihani yake, katika Kitabu cha Ayubu husimuliwa kwamba marafiki watatu walimwendea wakakaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila ya kutamka neno, na muda wote huo walikuwa marafiki wema. Walikosa walipoanza kumweleza.

Kulikuwa na wakati nilitamani kurudi kwa yule mama nikamwambia kwamba si kila tawi lililokatwa huchomwa, kwamba kijiti cha mwaridi kikichomekwa ardhini mwanzo wa baridi huweza kutoa mizizi na kuwa mti mwingine. Nikajizuia, kwa kuwa imani ya akhera anayo tayari, tena kuliko mimi, wala haina haja ya kijiti changu.

Mwaka huu sikuugusa mwaridi wa Dameski mwezi wa Machi, nao Juni ulijaa maua mpaka matawi yakalemewa. Nilichuma fungu moja asubuhi kabla ya jua kukaza, nikampelekea jioni, nikaketi. Sikutaja miti. Nilimwomba anisimulie habari za mwanawe: alipenda nini, alichukia nini, alicheka vipi. Alianza saa kumi na moja, na magharibi ya Juni huku huingia saa tatu ya usiku imekwisha kupita.