Tusimwambie Bwana "Kwanza"

 

Safari hii tunataka kutafakari swali ambalo limetusumbua sisi wazee wenyewe kabla halijawasumbua ninyi. Mtu anayemwambia Bwana, "Nitakufuata, lakini bado kidogo," je, amekubali au amekataa?

Tuanze kwa kuungama kosa letu. Katika kanisa letu walikuwapo baba wawili waliotoka kijiji kimoja huko Kongo. Waliimba kwaya moja, lakini hawakuwa wanasalimiana. Siku ya kukimbia walikuwa na baiskeli moja, na walipatana kwamba itambeba mama mzee wa mmoja wao. Risasi ziliposikika karibu, yule mwingine aliwapandisha watoto wake wawili akaenda. Mama mzee alifika mpakani siku nne baadaye, amebebwa mgongoni na mwanawe. Hakumaliza mwaka.

Sisi wazee tuliijua habari hiyo. Yule aliyechukua baiskeli alitujia mwenyewe, akatuomba tumpeleke kwa mwenzake. Tukamwambia, "Baba, jambo hili ni zito, tulifanye vizuri. Tungoje Pasaka, mchungaji awepo, tule pamoja." Majuma matatu kabla ya Pasaka jina lake lilitoka kwenye orodha ya safari. Basi liliwachukua alfajiri, yeye na familia yake. Tulipokwenda kwa yule aliyebaki, alituuliza neno moja tu: "Si mlisema Pasaka?"

Hatukuwa na jibu. Hatukuwa tumekataa kuwapatanisha. Tulikuwa tumekubali, tena kwa moyo wote. Ila tulikubali kwa ajili ya siku nyingine, na siku hiyo haikuwa yetu.

Tunapousoma Luka 9, mistari ya 57 hadi 62, tunaona watu watatu wakizungumza na Yesu njiani. Wawili kati yao hawakumwambia "hapana." Walimwomba tu ruhusa ya kufanya jambo jingine kwanza: mmoja kumzika baba yake, mwingine kuwaaga watu wa nyumbani kwake. Tatizo lilikuwa katika hilo neno dogo "kwanza." Maana mtu akimwita Yesu "Bwana," kisha akampangia nafasi ya pili, maneno yake mawili yanapingana.

Tunajua kwamba maneno ya Yesu kuhusu maziko ni makali sana masikioni mwetu. Wengi wetu hatukuwazika baba zetu. Tuliwaacha ndani ya nyumba, au kando ya barabara, na mpaka leo hatujui ni nani aliyewafunika. Je, Bwana anatuambia kwamba machozi hayo ni bure? Hapana, hatuamini hivyo. Yesu huyu huyu katika Marko 7 aliwakemea walioitumia sadaka kama njia ya kukwepa kuwatunza wazazi. Na hata pale msalabani, Yohana 19 inatuonyesha akimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Kwa hiyo anayemwosha mama yake mgonjwa, anayeamka usiku kwa ajili ya mtoto, anayepanga foleni ya maji kwa ajili ya jirani mlemavu, huyo haahirishi wito. Anauitikia.

Basi tutatofautishaje wajibu na kisingizio? Sisi tumeona alama moja. Wajibu una kazi ya leo. Kisingizio kina tarehe tu. Anayesema, "Siwezi kuja kufundisha watoto leo kwa sababu namuuguza mke wangu," tukienda kwake tutamkuta anamuuguza. Lakini anayesema, "Nitafundisha tukirudi nyumbani," tukienda kwake leo tutamkuta amekaa.

Wengine watatukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Ni kweli. Lakini wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Subira ni jambo jema pale tunapongoja kitu kilicho mikononi mwa Mungu. Kungoja kitu ambacho Mungu amekiweka mikononi mwetu si subira tena. Elisha alipoitwa, katika 1 Wafalme 19, aliomba kuwaaga wazazi wake. Lakini tuangalie alivyoaga: aliwachinja ng'ombe wake, akaipika nyama kwa miti ya vyombo vya kulimia, akawapa watu wakala, akaondoka. Hakubakiza kitu cha kumrudisha shambani. Kuaga kwake kulikuwa ni kutii.

Hapa tunafika kwenye swali letu sisi wakimbizi. Petro na Andrea waliacha nyavu. Lawi aliacha meza ya ushuru. Je, sisi tutaacha nini, wakati vita vilituachisha kila kitu? Ng'ombe, nyumba, shamba, vyeti vya shule, vyote vilibaki. Mtu anaweza kudhani kwamba wito ule ni wa wenye mali.

Lakini tukijichunguza, tutaona kwamba tuna wavu mmoja ambao hatujauachia, nao ni kesho. Kesho ndiyo mali pekee tuliyovuka nayo mpaka. Tumeweka ndani yake mambo yote mema tunayokusudia kuyafanya. Tukirudi nyumbani nitamsamehe. Tukifika Marekani nitafunga ndoa kanisani. Kesi yangu ikipita nitaacha pombe. Hivi, tunamwambia Bwana, hapa kambini tunaishi tu, huko ndiko tutakakokufuata.

Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia nyingi zilizokuwa zimemaliza mahojiano na vipimo zilibaki pale pale zilipokuwa. Tulilia pamoja nao, na hatuwalaumu kwa kutumaini. Kutumaini kurudi, au kutumaini safari, si dhambi. Hata Mtoto Yesu alikimbiziwa Misri na baadaye akarudishwa. Ila siku ile ilitufundisha kwamba aliyeuweka utii wake ndani ya safari, safari ikisimama na utii wake unasimama. Makazi haya ya Nakivale yalianza kupokea ndugu zetu wa Rwanda zaidi ya miaka 60 iliyopita. Hatudhani kama yupo aliyefika wakati ule akisema amekuja kukaa sana.

Nabii Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli barua tunayoisoma katika sura ya 29. Hakuwaambia wasahau kwao. Aliwaambia Mungu atawarudisha baada ya miaka 70. Lakini katika miaka hiyo wajenge, wapande, waoze watoto wao, wauombee amani mji walimo. Ahadi ya kurudi haikuwa ruhusa ya kulala.

Tuwaangalie pia Akila na Prisila katika Matendo 18. Hawa walikuwa wamefukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Walifika Korintho wakiwa wageni kama sisi, wakishona mahema ili wapate kula. Paulo akaingia nyumbani mwao, akakaa na kufanya kazi nao. Baadaye, wakiwa Efeso, walimchukua Apolo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hawakungoja mpaka waruhusiwe kurudi Roma ndipo waanze.

Na tuwakumbuke waliochelewa. Feliki liwali, katika Matendo 24, alimsikia Paulo akaingiwa na hofu, kisha akamwambia aende zake mpaka atakapopata nafasi. Miaka miwili ikapita, akaondolewa mahali pake, naye akamwacha Paulo gerezani. Hatuambiwi kwamba nafasi ile iliwahi kupatikana. Agostino naye, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Aljeria, alikiri kwamba ujanani mwake alimwomba Mungu amtakase, lakini asimtakase upesi. Alibatizwa mwaka 387 huko Milano, na baadaye alijutia kwamba alimpenda Mungu akiwa amechelewa. Neema ilimpata, ndiyo. Lakini neema haikumrudishia miaka ile.

Hilo ndilo jibu letu kwa swali tuliloanza nalo. Anayesema "bado kidogo" hajakataa kwa mdomo wake. Lakini leo, ambayo ndiyo siku pekee aliyopewa, ameitumia kama mtu aliyekataa.

Wapendwa, hatuwaandikii haya kama watu waliokwisha kufika. Baada ya miezi mingi tulipata namba ya yule baba aliyeondoka. Tulikaa chini ya mwembe, tukaweka simu katikati, na wale wawili wakazungumza. Aliyechukua baiskeli aliomba msamaha kwa sauti ya kulia, na aliyebaki akamwambia, "Nimekusamehe, ndugu yangu." Tulimshukuru Mungu. Lakini simu ilipokatika, yule baba alikaa kimya kwa muda akiutazama mkono wake, kisha akasema, "Nilitaka kumshika mkono." Hilo hatuwezi kumpa tena. Lilikuwepo hapa hapa, nyumba ya nne kutoka kwake, nasi tukalipangia Pasaka.

Kwa hiyo tunawaomba kila nyumba, jioni hii kabla ya kulala, wazazi na watoto waulizane maswali haya:

Ni jambo gani ambalo tumemwahidi Bwana kwamba tutalifanya "tukifika"?

Je, lina kitu chochote kinachohitaji tuwe mahali pengine?

Kama hakuna, ni nani atakayeamka kesho asubuhi kulianza, naye aanzie mlango wa nani?

Na kama ni mlango wa jirani, na taa yake bado inawaka, basi asingoje asubuhi.

Bwana awape nguvu na amani. Mtuombee, kama nasi tunavyowaombea.

Ndugu zenu, wazee wa kanisa.