Si lazima aamini unachoamini

Unaweza kumheshimu mtu miaka na miaka bila kukubali hata nusu ya anayoyaamini. Mfano ni Wayahudi wawili. Mordecai Kaplan, aliyezaliwa Lithuania mwaka 1881, aliletwa New York akiwa mtoto mdogo. Abraham Joshua Heschel, mzaliwa wa Warsaw, aliingia Marekani mwaka 1940 akiwakimbia Wanazi, akamwacha nyuma mama yake na wasionane tena. Wakaja kufundisha chuo kimoja cha marabi, Kaplan akimzidi mwenzake miaka 26. Kaplan hakuamini Mungu atendaye miujiza, na kwa hilo marabi wenye msimamo mkali walikitia moto kitabu chake cha sala hadharani mwaka 1945. Heschel alitoka katika ukoo wa viongozi wa Kihasidi, kundi la Wayahudi wa sala ndefu na machozi, naye akaandika juu ya Mungu anayemtafuta binadamu. Ungedhani wangepishana ukumbini bila salamu, maana wasomi nao wanajua kununiana. Lakini Kaplan alivutiwa na maandishi ya mgeni yule, wakaheshimiana, na hakuna aliyemgeuza mwenzake.

Wewe je, yule jirani mnayebishana naye kila mara kuhusu dini, umewahi kumuuliza kwao ni wapi na alifikaje hapa? Muulize leo, kisha mwache amalize kusimulia.