Akili Zikirudi, Zinamrudia Nani?

Husema Waswahili kwamba mtu karukwa na akili, na akipona, akili zimemrudia. Kama njiwa walioruka tunduni. Wakirudi tunashukuru, tunafunga mlango. Nani huuliza walichokikimbia?

Swali hili hunijia kila nikimkumbuka Mary Hartman, mama wa nyumbani wa Fernwood, mji wa kubuniwa katika jimbo la Ohio. Tamthilia ya Norman Lear yenye jina la mama huyo, akiigizwa na Louise Lasser, ilionyeshwa Marekani kuanzia Januari 1976, siku tano kwa wiki. Katika sehemu ya kwanza, familia nzima ya jirani inauawa, huku Mary akihangaikia utando wa nta ya njano kwenye sakafu ya jikoni. Watazamaji walicheka. Mimi naumia, maana sakafu ile ndiyo pekee aliyokabidhiwa aitolee hesabu duniani.

Mwisho wa msimu wa kwanza anaalikwa kwenye kipindi cha mazungumzo cha David Susskind, awe mfano wa mama wa nyumbani wa kawaida. Wanamhoji, naye akili zinamruka palepale, mbele ya kamera. Mauaji ya jirani aliyahimili; hilo neno "kawaida" likamshinda. Anayetakiwa kuwa mfano wa wanawake wote, nafsi yake aiweke wapi? Na kinachonitisha zaidi kiko wodini: wagonjwa wanachaguliwa kuwa miongoni mwa familia zinazopimiwa idadi ya watazamaji wa televisheni, na Mary anafurahi. Amehesabiwa tena kuwa wa kawaida.

Sisi nasi humpima mgonjwa hivyo hivyo. Leo kapika, kaogesha watoto, haongei peke yake: basi kapona. Siwalaumu wanaouguza, kwani nao huchoka, na chakula kilichoiva ni dalili njema. Ila nyumba inaweza kurudia hali yake siku nyingi kabla ya mwenyewe, na kwa kuwa nyumba imetulia, hakuna tena anayemwuliza usiku analalaje.

Mary alitoka hospitali. Baadaye alimwacha Tom, mumewe, akaenda kuishi na polisi, Dennis Foley. Tamthilia ilipokwisha, mwaka 1977, alikuwa mama wa nyumbani yuleyule, katika jiko jingine.