Mkono wa Koti Ulio Mtupu

Mchoraji amchorapo mtu aliyekatwa mkono, je, amwonyeshe kama alivyo, au amsitiri?

Natutazame mfano mmoja. Horatio Nelson alikuwa ofisa mkuu wa manowari za Uingereza. Mwezi wa Julai mwaka 1797, alipoushambulia mji wa Santa Cruz katika kisiwa cha Tenerife, alipigwa risasi, na daktari wa meli akamkata mkono wa kuume. Mwaka 1802 Henry Edridge alimchora kwa rangi za maji. Rangi hizo ni nyepesi. Weupe wa karatasi huonekana kupitia ndani yake, na kosa likishakauka si rahisi kulifunika, kama iwezekanavyo kwa rangi za mafuta. Katika picha za Nelson za baada ya jeraha lile, mkono wa kuume wa koti ni mtupu, nao umefungwa kifuani karibu na nishani zake.

Wako watakaosema kwamba huo ni ukatili, kwa kuwa aibu ya mwenzio yafaa kusitiriwa. Neno hilo ni jema, lakini sharti kwanza tuulize: je, jeraha ni aibu? Aibu hutokana na tendo la mtu. Jeraha humpata tu. Mchoraji amwongezaye Nelson mkono wa pili hamheshimu, bali asema kimoyomoyo kwamba mwenye mkono mmoja si mtu kamili. Tena sifa zote za picha hiyo zitamwendea mtu mwingine, ambaye hakuzaliwa kamwe.

Walakini tusiiamini picha kupita kiasi. Nelson alimwacha mkewe, Frances, kwa ajili ya mwanamke mwingine. Jambo hilo halionekani katika nishani wala katika mkono mtupu. Basi lile tulionalo si aibu, na lile lililo aibu hatulioni.

Labda darasani mwenu yumo mwanafunzi achechemeaye. Siku utakapoambiwa umchore, au uandike habari zake, usimnyoshe mguu. Mchore pamoja na fimbo yake. Kisha, kabla ya kudai kwamba umekwisha kumjua, weka kalamu chini, ukae naye, umsikilize.