Chema Chajiuza?

Usiku mmoja wa Januari, theluji ikiwa imeilaza Stockholm kimya, nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wangu aliyeko Morogoro. Alianza kwa shikamoo, akaulizia watoto na baridi, kisha akafika kwenye haja yake. Ameamua kugombea udiwani. Hoja anazo, watu anao, na kwa miaka sita ametumikia kamati ya maji bila kashfa. Kilichopungua ni gari. "Si gari lolote, kaka," alisema. "Nitafutie Benzi. Hata likiwa kuukuu si neno, mradi nyota iwepo mbele." Nilimjibu kwamba magari ya huku yana usukani wa kushoto, nasi kwetu usukani ni wa kulia. Jibu lilirudi kabla sijaiweka simu chini: usukani si hoja, kwani atakuwa na dereva, hoja ni nyota.

Nilicheka, kisha nikakosa usingizi. Fedha si kikwazo kikubwa. Benzi lililotumika miaka ishirini linaweza kupatikana hapa kwa akiba ya mtu wa kipato cha kawaida anayejibana. Kilichonisumbua ni swali lililojificha ndani ya ombi lile. Mtu anayetaka kuaminiwa na majirani zake, wanaomjua tangu utotoni, kwa nini aone kwamba imani hiyo yafaa kuazimwa kutoka kiwandani Stuttgart?

Neno letu "sifa" lina mizigo miwili. Tunaposema sifa mojawapo ya maji ni kutiririka, tunataja kilichomo ndani ya kitu, hata pasipo mtu wa kukitazama. Tunaposema fulani anapenda sifa, tunataja maneno yanayosemwa juu yake na wengine. Sifa ya kwanza hukaa katika kitu. Ya pili hukaa midomoni mwa watu. Mambo yakienda sawa, ya pili huzaliwa na ya kwanza. Wahenga walilifupisha hilo waliposema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya gari lenye nyota inatupa nafasi ya kuupima usemi huo.

Carl Benz aliomba hati ya uvumbuzi wa gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886. Dunia haikulikimbilia. Mwezi Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilichukua pamoja na wanawe wawili bila kumwarifu mumewe, akasafiri takriban kilomita mia moja kutoka Mannheim hadi Pforzheim. Njiani alinunua mafuta katika duka la dawa mjini Wiesloch, kwa kuwa vituo vya mafuta havikuwa vimebuniwa. Gari lilifika. Sifa yake ya mwanzo, basi, haikuwa na tarumbeta: mama mmoja na watoto wake walilipanda, nalo likawafikisha. Jina Mercedes lilikuja baadaye, kutoka kwa mfanyabiashara Emil Jellinek, aliyeyaita magari ya kampuni ya Daimler kwa jina la binti yake. Likasajiliwa mwaka 1902. Nyota yenye ncha tatu ilisajiliwa mwaka 1909, na mwaka 1926 kampuni za Benz na Daimler zikaungana kuwa moja. Uhodari wa mafundi wake haukuwa wa kubuni. Hata mpinzani mkali wa utajiri hawezi kukana kwamba gari hilo lilitengenezwa vizuri.

Sasa tuje kwetu. Baada ya uhuru, watu wa Afrika Mashariki walilitazama gari hilo likipita na bendera ndogo mbele, vumbi likiwaangukia wao, wakazua neno: Wabenzi. Angalia ustadi wa neno hilo. Jina la kampuni limetiwa katika ngeli ya watu na kupewa kiambishi cha makabila, kama tusemavyo Wahehe, Wapare au Waluguru. Hapo likazaliwa kabila lisilo na kijiji wala matambiko, ambalo mtu hujiunga nalo kwa kuteuliwa na hutoka kwa kufukuzwa kazi. Sidhani kama kuna kitabu cha siasa kilichowahi kulieleza tabaka tawala jipya kwa silabi tatu.

Tanzania ilijaribu kulizuia kabila hilo lisizaliane. Azimio la Arusha, Februari 1967, lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kumiliki nyumba za kupangisha. Mwezi Septemba mwaka huohuo Waswidi nao walikuwa na mageuzi yao: alfajiri ya tarehe 3 nchi nzima iliacha kuendesha upande wa kushoto wa barabara ikahamia kulia. Kazi ile ilikamilika siku ileile. Ya kwetu ilikuwa ngumu zaidi, maana ilitaka kuhamisha matamanio, na mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti yale yalilegezwa. Nchini Kenya, ripoti ya mwaka 2006 ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na Transparency International ilionyesha kwamba serikali iliyoingia madarakani kwa ahadi ya kupambana na ufisadi ilikuwa imetumia zaidi ya dola milioni 12 kununulia magari ya kifahari kwa muda usiofika miaka miwili. Mwaka 2009 waziri wa fedha, Uhuru Kenyatta, aliwaagiza mawaziri wenzake warudishe magari makubwa na kuchukua Volkswagen Passat. Kabila lilibadilishiwa vazi, tena kwa fundi wa Kijerumani yuleyule wa nchi, ila duka tofauti.

Mpaka hapo msomaji atasema kwamba kosa ni letu: fundi alitengeneza gari zuri, nasi tukalitumia vibaya. Hivyo ndivyo nilivyoamini kwa miaka mingi. Lakini neno Wabenzi, kwa ustadi wake wote, limetaja upande mmoja tu wa biashara. Limemtaja mnunuzi likamwacha muuzaji. Muuzaji naye ana historia.

Mwaka 1944, katika vita vya Hitler, karibu nusu ya wafanyakazi zaidi ya 63,000 wa Daimler-Benz walikuwa watu waliolazimishwa: raia waliosombwa kutoka nchi zilizotekwa, mateka wa vita, na wafungwa wa kambi za mateso. Ilipasa kungoja hadi miaka ya 1980 ndipo kampuni ikawapa wanahistoria nafasi ya kuichunguza habari hiyo, na mwaka 2000 ikawa miongoni mwa waasisi wa mfuko wa viwanda na serikali ya Ujerumani uliowalipa walionusurika. Maana yake ni kwamba mawaziri wetu wa miaka ya 1960 walipokuwa wakijipamba kwa heshima ya nyota ile, nyota yenyewe ilikuwa bado haijaisimulia habari yake. Tulikuwa tukiazima heshima kwa mtu ambaye hakuwa amelipa madeni yake.

Kuna jambo la karibu zaidi. Mwaka 2010 Daimler ilikubali kulipa dola milioni 185 ili kumaliza mashtaka ya Marekani kwamba, kwa takriban miaka kumi, ilikuwa imewahonga maofisa wa serikali katika nchi zisizopungua 22 ili serikali hizo zinunue magari yake. Misri, Nigeria na Ivory Coast zilikuwa miongoni mwa nchi zilizotajwa. Matawi yake mawili yalikiri kosa mahakamani. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza, sikushangazwa na hongo; nilishangazwa na methali. Ikiwa chema chajiuza, gari jema kuliko mengi lilihitaji bahasha ya nini?

Nimelifikiria jambo hilo nikiwa katika mji ambao wenzetu wengi huutaja kama kinyume cha Wabenzi. Asubuhi nikitoka kituo kikuu cha reli cha Stockholm, naona magari yenye nyota yamepanga foleni, nayo ni teksi. Madereva wake wanafuta theluji kwenye vioo, na hakuna anayewapigia saluti. Tage Erlander, aliyekuwa waziri mkuu kwa miaka 23, alizoeleka kuonekana akiendeshwa na mkewe, mwalimu wa shule. Olof Palme, rafiki wa Mwalimu Nyerere na wa harakati za ukombozi wa Afrika, alikuwa akitembea kwa miguu na mkewe kutoka sinema, bila mlinzi, alipouawa mtaani Sveavägen usiku wa tarehe 28 Februari 1986. Mwaka 1995 naibu waziri mkuu Mona Sahlin alijitoa katika kinyang'anyiro cha uwaziri mkuu kwa kuwa alitumia kadi ya serikali kwa manunuzi yake binafsi, na kashfa ile ikapewa jina la chokoleti.

Hata hivyo, la hasha, sitaki kuwauzia wasomaji wangu Uswidi kama mdogo wangu anavyotaka kuwauzia wapiga kura wake Benzi. Mwaka 2019 Ericsson, kampuni ya simu yenye makao yake makuu hapahapa Stockholm, ilikubali kuilipa Marekani zaidi ya dola bilioni moja, na miongoni mwa mambo iliyoyakiri ni hongo kwa wakubwa wa Djibouti, jirani zetu wa Pembe ya Afrika. Mji unaomwajibisha waziri kwa chokoleti ulikuwa na kampuni inayolipa mamilioni ng'ambo ya bahari. Unyenyekevu wa nyumbani haukusafiri na mzigo.

Basi turudi kwenye methali. Naona sasa kwamba haikukosea. Imesahau tu kutaja sharti lake. Chema chajiuza pale tu ambapo anayenunua anakitazama. Mama yule wa mwaka 1888 alilipima gari kwa safari. Dereva wa teksi hulipima kwa kilomita, kwa mafuta na kwa bili ya gereji. Ushuhuda wao una uzito kwa sababu hawakulipwa kuutoa. Hongo hufanya nini? Humwomba ofisa asilitazame gari. Haijalishi kama gari ni zuri au bovu. Uzuri wake umeondolewa katika hesabu. Ndiyo maana anayehonga kwa ajili ya kitu chema hukitukana kitu chake mwenyewe: anasema, kwa matendo, kwamba hakiamini.

Na nyota mbele ya gari la mgombea hufanya nini? Jibu lilinijia nikaona aibu kwa kucheka kwangu kule. Humwomba mpiga kura asimtazame mgombea. Hongo na mapambo ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili humtaka mtu aiweke kando akili yake ya kupima, moja kwa kumjaza mfuko, jingine kwa kumjaza macho. Miaka sita ya kamati ya maji ni sifa iliyomo ndani ya mtu. Mdogo wangu alitaka kuifunika kwa sifa iliyo juu ya boneti.

Nilimpigia nikamweleza hayo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu kwa hoja ambayo sikuitegemea. "Kaka, wewe uko mahali ambapo waziri akitembea kwa miguu bado anaitwa waziri. Huku nikitembea, watasema sina kitu, na asiye na kitu akiingia ofisini ataanza na kujishibisha. Benzi siwaonyeshi kwamba mimi ni mkubwa. Nawaonyesha kwamba sina njaa. Mkono mtupu haulambwi."

Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Watu wake si wajinga. Wameibiwa mara nyingi mno, wakaamua kwamba ni heri kumchagua aliyekwisha kushiba. Lakini historia yenyewe ya neno Wabenzi inawajibu. Wale waliokuwa ndani ya magari hayo walikuwa wameshiba, na hawakuacha kula. Wala kampuni iliyohonga nchi 22 haikuwa na njaa. Shibe haijawahi kuwa dhamana ya uaminifu. Dhamana ni kuweza kuulizwa, na mwenye kamati ya maji anaulizwa kila siku kisimani, na watu waliobeba ndoo, akiwa amesimama mbele yao kwa miguu yake. Anayepita kwenye gari lililofunga vioo hasikii swali.

Nilimwambia kwamba sitatuma Benzi. Nitamsaidia kuchapisha hesabu za kamati yake kwa miaka yote sita, mapato na matumizi, abandike kwenye kila kisima katani, yeyote apitaye asome. Alikaa kimya siku tatu. Kisha ukaja ujumbe mfupi wa maandishi: "Sawa, kaka. Tuma hiyo ya kuchapisha. Lakini nikishindwa na mwenye gari, utanieleza nini?"

Sikumficha kwamba huenda akashindwa. Mtu anaweza kutazamwa vizuri na bado asichaguliwe, kama gari zuri linavyoweza kukosa mnunuzi pale ambapo bahasha imetangulia. Nilimwandikia tu kwamba akishindwa hivyo, watakaokutana naye kisimani kesho yake watakuwa wanajua waliyemkosa. Kisha nikaenda benki kumtumia fedha za karatasi na wino.