Umeniudhi

Leo natafakari neno moja: kuudhi.

Tunalitamka kirahisi mno. Mtoto kamwaga maziwa, ameniudhi. Lakini neno hili, pamoja na ndugu yake adha, lilitujia kutoka Kiarabu, na huko shina lake hubeba maana ya madhara. Waingereza nao neno lao la kuudhi walilipata kwa Kifaransa cha kale, na mzizi wake ni maneno ya Kilatini yenye maana ya “katika chuki”. Kumbe mwanzoni halikuwa jambo dogo!

Nalipenda zaidi kukera. Linasikika jirani na kukereketa, kile kinachokwaruza kooni, hakikuui wala hakikuachi. Ndiyo maana tunasema kero ya maji. Mama wa tambarare kavu ya Kwakoa, chini ya Milima ya Upare, aliyeamka usiku kutafuta ndoo moja hajaudhika tu. Anakwaruzwa kila siku, na jirani mwenye tangi anapomwambia “vumilia, mama”, anamwongezea adha ileile ya asili, ile yenye madhara.