Hayo Mate Si Yako Peke Yako

Wanangu wa Gando, Pemba, mlio hapa na mlio Maskati, Dubai na London, nasikia siku hizi mnatema mate kwenye kichupa, mnakipeleka Marekani, kisha mnarudishiwa asili yenu kwa asilimia: Afrika kiasi hiki, Uajemi kiasi hiki, na orodha ya jamaa msiowajua. Kabla baba zenu hawajaiona, imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Sikatazi kupima. Nakukatazeni kutangaza.

Ndugu yako wa baba na mama ana karibu nusu ya vinasaba vyako. Wa baba mmoja ana robo. Mtoto wa ami yako ana thumuni. Basi ukijianika wewe, umemwanika na shangazi yako ambaye hata simu ya maana hana. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata Joseph DeAngelo, muuaji wa miaka ya sabini na themanini, naye hakuwa ametuma mate yake popote. Jamaa zake wa mbali ndio walioweka matokeo yao kwenye mtandao wa GEDmatch. Kukamatwa kwake ni heri tupu, lakini tazameni njia iliyopitwa.

Na njia hiyo wezi nao wanaipita. Mwaka 2023 waliingia kwenye akaunti kama 14,000 za kampuni ya 23andMe, kwa kuwa wenyewe walitumia nywila zilezile kila mahali. Kupitia ukurasa wa kutafutia jamaa, wakachota habari za watu wapatao milioni 6.9. Machi 2025 kampuni yenyewe ikaomba kinga ya muflisi, na hazina ya vinasaba vya watu ikatiwa mnadani.

Hayo ni ya huko. Ya kwetu ni mazito zaidi. Mashamba ya karafuu ya Pemba yalilimwa na watumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria hapa mpaka 1897. Waliokuwa watumwa na waliokuwa mabwana wakaoana, wakasali safu moja, wakazikana. Zipo nyumba ambazo bibi mmoja alikuwa suria, na watoto wake walirithi kama wenzao kwa mujibu wa sheria, na hakuna aliyeona haja ya kulisema tena. Kisha yakaja Mapinduzi ya 1964, watu wakatawanyika, watoto wakabaki mikononi mwa jamaa na majirani, wakakua kwa majina ya waliowalea. Mkubwa wa nyumba anajua. Kulisema au kutolisema ni haki yake, si ya kijana aliyepata intaneti.

Mtaniambia mficha uchi hazai. Sawa, lakini uchi wenyewe ni wa nani?

Na hiyo karatasi ya majibu mnaisoma vibaya. Sisi tumeoana watoto wa ami kwa watoto wa ami, na mababu zetu vivyo hivyo. Mashine inahesabu vipande vya vinasaba mlivyo navyo pamoja, na vyetu ni vingi kupita kawaida ya watu wa Ulaya. Mjukuu wa binamu anaweza kuonekana jamaa wa karibu kuliko alivyo, na hapo ndipo mama wa mtu huanza kusingiziwa. Kujivunia Ushirazi nako msikupapie. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mifupa ya watu 80 wa pwani hii na bara yake, kutoka Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko. Baba wa Kiajemi walionekana kweli, toka kiasi cha mwaka 1000. Lakini mama walikuwa hasa Waafrika, na katika wengi wa watu hao asili ya Afrika ilipita nusu. Anayemcheka mwenzake kwa asilimia anamcheka bibi yake mwenyewe.

Kipimo hicho pia hakimjui ndugu wa kunyonya, ambaye kwetu ni haramu kumuoa. Na nasaba kwetu hufungwa kwa ndoa. Wanazuoni wa fiqhi waliokutana Makka mwaka 2002 chini ya Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu waliamua kwamba vinasaba visitumike kumkana mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, wala visishike nafasi ya liani, yaani kiapo cha mume na mke cha kulaaniana. Msijifanye makadhi kwa simu.

Anayetaka kupima na aanze kwa wazee: akae na bibi, aandike majina ya kuumeni na kukeni, aulize lipi lisemwe na lipi liachwe. Majibu yakija, ayasome na mkubwa mmoja anayemwamini. Na wewe uliyekwisha kuyatangaza, funga leo huo ukurasa wa jamaa, yafute uliyoyabandika, kisha mpigie simu shangazi yako umtake radhi kabla hajasikia kwa watu.